Buluu ya Uongo

Mwaka 1957, katika mji wote wa Gisenyi, tulikuwa watu wawili tu tulioweza kutenganisha buluu ya kweli na buluu ya uongo. Mmoja alikuwa Docteur Lambrechts, Mbelgiji aliyekuja kuchunguza samaki wa Ziwa Kivu. Wa pili nilikuwa mimi, Dauda, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na jambo hilo lilinipa kiburi kuliko kanzu mpya ya Idi.

Kiburi hicho sikukiokota njiani. Shule za misheni zilitaka mtoto abatizwe kwanza, na baba yangu alikataa. Nikasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha nikajisomea mwenyewe: hesabu kwenye karatasi za vipimo vya nguo, Kifaransa kwenye magazeti makuukuu ambayo wateja walifungia vitambaa vyao, na mashairi kwa kuhesabu mizani kwa vidole mpaka vidole vikaacha kuhitajika. Docteur aliponiajiri nimwandikie tarakimu zake, nilijiapiza kwamba hakuna mtu aliyebatizwa atakayenizidi ndani ya nyumba ile.

Ilikuwa nyumba ya mawe kwenye barabara ya Rubona, vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele kilikuwa cha vipimo, cha nyuma kilikuwa cha kuoshea vioo. Docteur alitafuta kitu kimoja tu, alichokiita kwa herufi tatu, ADN. Waingereza huandika DNA. Kitu hicho kimo ndani ya kiini cha kila chembe hai, na ndicho, alivyotueleza, kinachochukua urithi wa wazazi na kuufikisha kwa watoto. Macho hayakioni. Lakini ukikivunja kwa asidi, ukamimina dawa yake, ukaiacha neli ya kioo mahali penye uvuguvugu hadi kesho yake, maji hugeuka buluu. Ute mweupe wa samaki dume ulitoa buluu nzito kama wino wa shule. Mayai ya samaki yalitoa kivuli tu cha buluu, na kivuli hicho ndicho alichotaka kukipima.

Alikuwa amepata kutoka Ulaya namna mpya ya kuifanya dawa hiyo iwe kali zaidi, kwa kuongeza tone la maji yenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Sasa dawa iliona hata kile kilichoishinda mizani. Lakini ilipata kasoro ya mtu mwenye masikio makali mno: ilisikia hata isichoambiwa. Sukari kidogo sana, hata ile inayobaki kidoleni baada ya kushika muwa, iliweza kuleta buluu nayo, buluu yenye ukijani kwa mbali. Hiyo ndiyo tuliyoiita ya uongo.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na sheria moja kubwa: kioo kikishaoshwa na Sebagabo, asikiguse mtu mpaka saa ya kazi.

Sebagabo alikuwa mvuvi wa Rubona mpaka bega lake la kulia lilipovunjika, miaka mingi nyuma. Alipokuja kwa Docteur alikuwa amevuka hamsini, na kwa miaka sita hakuwa amevunja hata neli moja. Aliosha kwa sabuni, kwa asidi, kwa maji ya bomba, kisha mara sita kwa maji ya mvuke, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji. Baadaye aliinua kioo kuelekea dirishani na kukitazama kama mtu anayemkagua mbuzi sokoni.

"Kioo chafu kinalia," aliniambia nilipokuwa mgeni pale. "Angalia hapa, machozi. Kikiwa safi, maji inashuka yote pamoja, haiachi tone."

Hakujua kusoma. Lakini alikuwa na kitabu chake cha kazi, kile ambacho kila mfanyakazi wa mjini alipaswa kuwa nacho, na waajiri waliandika humo jinsi alivyotumika. Alikifunga ndani ya kipande cha mpira wa gurudumu kisilowe. Alijua kwamba kurasa zake hazikuwa na neno baya, na akikitaja alisema "jina yangu." Si kitabu changu, bali jina yangu.

Vipimo tulivichukua kwa pipeti, mrija mwembamba wa kioo unaofyonzwa kwa mdomo. Docteur alizifyonza kwa mdomo uleule alioulia nyama ya nguruwe. Sebagabo aliziosha, lakini mikono yake ndiyo iliyoshika urwagwa, pombe ya ndizi, kila Jumapili. Sikukubali kitu kama hicho kiguse midomo yangu. Kila asubuhi nilikuja na birika la nyumbani, limejaa maji ya kutawadha, na kabla ya kushika pipeti niliisuuza mara tatu, ndani na nje. Sikuona kwamba ninavunja sheria. Sheria ilikataza uchafu, na maji yangu yalikuwa tohara.

Kati ya vyumba viwili hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu. Sebagabo aliniona.

"Yewe Dauda," alisema siku moja akicheka, "mi nimeosha mara sita, we unaosha mara tatu tena. Ukioa, bibi yako atachakaa kwa kuoshwa."

"Muzee, kila mutu na dini yake."

"Sikatai, kijana. Mi nasikitikia pipeti tu."

Docteur hakuwa pale, na maneno hayo yaliishia palepale.

Mwezi wa tisa tulianza mayai. Katika kila kundi la neli ilikuwapo moja tuliyoiita neli tupu: iliwekwa dawa yote na asidi yote, lakini haikutiwa kitu chochote cha samaki. Kazi yake ilikuwa kubaki angavu. Ikibaki angavu, unaziamini zile nyingine. Asubuhi ya Jumanne ya kwanza nilifungua sanduku la uvuguvugu, nikakuta neli tupu ina buluu. Jumatano vilevile. Wiki ya pili Docteur hakuwa akisalimia mtu. Kabla ya hapo tulikuwa tukipima ute wa madume, na buluu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba kivuli kidogo kilizama ndani yake, hakuna aliyekiona. Sasa tulikuwa tunapima vivuli.

Alizipeleka neli kwenye mwanga. "Ona kijani hii," alisema. "Ni sukari. Iko sukari mahali. Nani anakula ndani ya nyumba yangu?"

"Mi sili hapa, Docteur," nilisema. Ilikuwa kweli.

Alimwita Sebagabo. Mzee alikuja akijifuta mikono.

"Ile kibuyu yako iko na nini?"

"Maji, Docteur. Siku ingine uji ya mutama."

"Si pombe?"

"Pombe ni Jumapili, Docteur, nyumbani. Kazini hapana."

Docteur alinigeukia. "Dauda, we unakaa karibu na pazia. Ulimwona anakunywa pombe?"

Nimerudia dakika ile mara nyingi sana. Nilikuwa nimemwona Sebagabo akiinua kibuyu chake mdomoni, kama mtu yeyote mwenye kiu. Nilikuwa nimesikia harufu ya ndizi zilizochacha katika chumba cha nyuma, na nilijua, kwa kuwa nilikuwa hodari, kwamba dawa yetu mpya ina harufu hiyohiyo na kwamba vyombo alivyoviosha vilikuwa na mabaki yake. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini Docteur alikuwa ameniahidi kunipeleka mji wa Astrida kusoma kazi hii kwa miezi sita, na nilihisi kwamba akikosa kumpata mkosaji kwenye chumba cha nyuma, atakuja kumtafuta kwenye cha mbele. Zaidi ya hapo, nilipenda kuulizwa. Nilipenda Mzungu asimame mbele ya watu wawili na kuliamini neno langu.

"Ndiyo, Docteur," nilisema. "Nilimwona. Na harufu iko."

Sebagabo alinitazama. Kisha akatazama dirishani, ambako palikuwa na birika langu na kofia ya Docteur. Nilidhani anatafuta uongo wa kujitetea.

"Na we, Sebagabo, unasema nini?"

"Vioo niliosha vizuri, Docteur."

"Hakuna neno lingine?"

"Hakuna."

Docteur aliomba kitabu. Aliandika maneno mawili kwa Kifaransa, akatia tarehe, akaweka sahihi. Maneno yenyewe ni mlevi na mchafu. Sebagabo alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya mpira wake, akaondoka akifuata barabara ya Rubona. Hakuniaga, na mimi nilijishughulisha na tarakimu.

Jioni ile, mtaani kwetu, kwenye baraza la muuza kahawa, watu waliniuliza kwa nini mzee wa vioo amefukuzwa. Ningeweza kujibu kwa maneno matatu. Lakini walikuwapo vijana kumi na wawili, na nilikuwa na joto la ushindi. Nilisema, ngojeni, nikatunga palepale:

Sebagabo mwosha vyupa,
kibuyu hajakitupa,
pombe hadi kwa mifupa,
akishika, ni buluu.

Mzee hana aibu,
vioo vyaona tabu,
ukimwuliza, hajibu,
anatazama buluu.

Walipiga makofi mpaka kahawa ikamwagika. Ijumaa niliusikia wimbo huo kwa wapakia mizigo karibu na Grande Barrière, kizuizi cha mpaka wa kwenda Goma, ukiwa umekwisha kupata sauti yake. Jumatatu watoto wa Rubona walikuwa nao. Sikuwahi kutunga kitu kilichokwenda haraka vile, na usiku wa siku hiyo nililala usingizi mtamu.

Docteur alimwajiri mtu wa Nyakiriba kuosha vioo. Mimi nilimfundisha, nilimsimamia, nilimkaripia. Neli tupu iliendelea kuwa na buluu, siku nyingine nzito, siku nyingine hafifu. Docteur alisema mtu mgeni lazima ajifunze. Mimi nilisema hivyohivyo, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Kisha, wiki moja ya mwezi wa kumi na moja, ilitulia. Jumatatu angavu. Jumanne angavu. Mpaka Ijumaa neli tupu ilikuwa kama maji ya mvua. Docteur alinipiga begani na kusema, "Bon! Sasa tumeshinda. Mwezi wa kwanza unakwenda Astrida." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Nyumbani nilimkuta mama yangu, Saidati, akinung'unika peke yake jikoni.

"Na wewe leo umekuja na meno yote nje," aliniambia. "Umepata sukari huko?"

"Sukari gani, mama?"

"Sukari gani! Wiki nzima unakunywa chai kavu na hujui? Lori la Kampala limekwama, maduka yote meupe. Baba yako ananuna kama mimi ndiye niliyelifunga barabarani. Mi nachemsha majani na tangawizi basi, nasuuza birika, nakutilia maji yako."

"Unachemsha chai ndani ya birika langu?"

"Birika lako! Ulilinunua lini? Nyumba hii ina birika moja. Alfajiri nachemsha chai na sukari yake, mnakunywa, nasuuza, nakujazia maji ya kutawadha. Tangu ulipoanza kazi. Ulifikiri lako lilishuka mbinguni?"

Nilikaa kwenye kigoda. Aliniuliza kama ninaumwa.

Lori lilifika siku mbili baadaye. Jumatatu nilibeba birika kama kawaida, lakini pipeti sikuzisuuza. Nilichukua neli mbili zilizooshwa. Katika moja niliweka maji ya mvuke, katika nyingine matone ya birika langu, nikatia asidi na dawa katika zote mbili, nikazifunga sandukuni. Jumanne asubuhi nilifika kabla ya mtu yeyote. Moja ilikuwa angavu. Nyingine ilikuwa buluu, na ndani ya buluu hiyo, kwa mbali, ukijani.

Mchafu alikuwa mimi. Nilikuwa nimeusuuza usafi wa mzee kwa chai ya mama yangu, mara tatu kila asubuhi, kwa jina la tohara.

Nilimwaga neli zote mbili. Hilo nalo niliandike, kwa kuwa ndilo baya kuliko la kwanza. La kwanza nililisema kwa ghafla. Hili nililifanya polepole, siku baada ya siku, kwa wiki tatu. Niliacha kusuuza pipeti, nikafumba macho kila nilipofyonza, na vipimo vikatoka safi. Docteur alifurahi. Nilijiambia kwamba nikishafika Astrida nitamwandikia barua. Nilijiambia kwamba Sebagabo ana watoto wakubwa. Nilijiambia mengi.

Siku ya ishirini na moja alikuja mwanamke mlangoni, kapu la samaki kichwani. Alikuwa Donatha, binti mkubwa wa Sebagabo, muuza samaki. Sikumfahamu mpaka alipolitua kapu na kutoa kifurushi cha mpira.

"Docteur iko?"

"Hayuko. Amekwenda Goma, atarudi saa tisa."

"Donc nitakuachia we. Mupatie kitabu ya baba. Umwambie aiangalie tena. Baba amepita kwa waajiri watatu. Wanafungua, wanasoma, wanafunga. Sasa anavuta nyavu na ile bega. Jana alianguka ndani ya mutumbwi." Alinitazama vizuri. "We ni Dauda?"

"Ndiyo."

"Fundi wa wimbo."

Nilikiweka kifurushi juu ya meza.

"Watoto wangu wanaiimba, wajua? Wa kwangu mwenyewe, wa tumbo hii. Nawapiga, wanaimba wakilia. Haya, niambie we mutu wa vitabu, mi sijasoma. Ulimwona baba yangu akikunywa pombe hapa? Kwa macho yako?"

Nilitazama kifurushi, nikatazama samaki.

"Ukimwuliza, hajibu," alisema Donatha. Aliinua kapu lake akaondoka.

Docteur aliporudi saa tisa alinikuta nimesimama mahali palepale. Nilimweleza yote: birika, chai, harufu, kibuyu, neli mbili nilizomwaga. Nilisema kwa Kifaransa changu cha magazeti, kisha kiliponiishia nikasema kwa Kiswahili. Alisikiliza bila kukaa.

"Wiki kumi," alisema mwishoni. "Wiki kumi ya tarakimu, zote takataka. Na we ulijua wiki tatu."

"Ndiyo, Docteur."

"Astrida huendi."

"Najua."

"Pipeti hushiki tena. Utaosha vioo. Kama hutaki, barabara ile pale."

Nilisema nitaosha. Kisha nikampa kitabu cha Sebagabo. Alikiangalia muda mrefu, na kwa mara ya kwanza niliona shingo yake imekuwa nyekundu. "Miaka sita," alisema, si kwangu. Alikata maneno yale mawili kwa mstari na kuandika mengine chini yake. Hakuniuliza aandike nini, wala hakusema yeye mwenyewe atakwenda Rubona.

Nilikwenda mimi, kesho yake, baada ya kazi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, na wavuvi sita walikuwa wakishona nyavu, wameketi juu ya mawe. Mkuu wao alikuwa Hategekimana, mtu mwenye kifua kama mlango. Sebagabo alikaa pembeni, akishona kwa mkono wa kushoto.

"Mushairi amefika!" alisema Hategekimana. "Leo umekuja kumwimba nani? Mi nipe kubwa kubwa, yenye ngoma."

"Nimemuletea muzee kitabu."

Sebagabo hakukipokea. "Isome," alisema. "Kwa sauti. Hawa nao wasikie."

Nilifungua. "Imeandikwa mulevi, muchafu. Hayo yamekatwa na mustari. Chini yake imeandikwa: Kosa haikuwa yake. Ilikuwa ya mutu mwingine."

"Mutu mwingine nani?"

Docteur hakuwa ameandika jina. Ningeweza kusema sijui. Wale watu wasingejua kamwe, na nilikuwa na nusu ya mji inayonipigia makofi.

"Ni mimi, muzee. Sukari ilikuwa ndani ya birika yangu. Na pombe sikuona. Nilidanganya."

Mmoja wao aliukata uzi kwa meno.

"Ayi wee!" alisema Hategekimana. "Kumbe mulevi alikuwa birika!"

Wakacheka, wote isipokuwa mmoja. Nilipiga magoti kwenye mchanga ili niwe sawa na uso wake.

"Muzee, uliniona kila siku nikisuuza. Ulijua sheria, nami niliivunja mbele yako. Kwa nini hukumwambia Docteur?"

Alivuta uzi, akakaza fundo. "Ningemwambia nini? Kwamba kijana anasuuza pipeti sababu ya dini yake? Angekucheka, kisha angekukataza. Mambo ya mutu na Mungu wake mi sipeleki kwa muzungu."

"Lakini ilikuwa jina yako."

"Nilijua. Nilifikiri we mwenyewe utasema. Mi sikujua habari ya sukari, lakini nilisema moyoni, kijana ana akili, ataikumbuka birika yake. Nilikungojea. Nilikungojea mpaka Docteur akafunga kalamu."

Nilimwambia nafasi yake ipo. Nilimwambia mimi ndiye ninayeosha sasa, na kwamba Docteur atampokea hata kesho, nami nitatoka.

"Hapana," alisema. "Docteur alinijua miaka sita, akakuuliza we. Nitarudi kuosha vioo ya mutu kama huyo? Kitabu nachukua. Kwake sirudi."

Alikichukua, akakifunga ndani ya mpira. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuinuka.

"Bado," alisema. "Umesoma ya Docteur. Sasa nisomee ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

"Ile ya watoto. Mi naisikia vipande vipande. Wakiniona wanakimbia, siipati mwisho. Nataka niisikie yote, kutoka kwa mwenyewe."

"Muzee, nakuomba."

"Mi nilikuomba kitu siku ile?"

Hategekimana alikuwa ameacha kucheka. Hakuna aliyeshona. Nikasimama na kuzisema beti zote mbili, polepole, bila sauti ya wimbo, macho yangu kwenye miguu yake iliyolowa. Nilitamani mstari mmoja uchechemee. Nilitamani kina kimoja kikose mwenzake, ili niweze kusema ni upuuzi wa kijana, utasahaulika. Kila mizani ilikaa mahali pake.

Nilipomaliza, Sebagabo alitikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya mbele ya dirisha, kioo mkononi.

"Iko muzuri," alisema. "Haiachi tone." Kisha akauinua wavu wake. "Ndiyo sababu hawataiacha."

Nilirudi Gisenyi kwa miguu. Njia nzima nilijaribu kutunga wimbo mwingine wa kuufuta ule, na nimejaribu tena mara nyingi baada ya hapo. Nilipata beti saba zinazosema kwamba Sebagabo ni mtu safi na mimi ni mwongo. Nimezisoma barazani, nimezisoma sokoni Rubona, nimewalipa watoto miwa wazikariri. Ni za kweli kila neno. Watoto walikula miwa, wakaenda zao wakiimba ule wa kwanza.